MFUNGWA NI AMANA YA MJI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, kila apitaye Ngomeni, Mombasa, huiona ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waingereza waliifanya gereza tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958. Na hilo neno "gereza", wajuzi wa lugha husema asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kwa hivyo wengi wetu twadhani kifungo ni jambo la wageni, na kwamba dini yetu haina neno juu yake. Dhana hiyo si sahihi.

Zama za Mtume (s.a.w.) hapakuwa na nyumba maalumu ya kufungia watu. Thumama bin Uthal alipokamatwa alifungwa kwenye nguzo ya msikiti, mbele ya macho ya waumini. Mtume akawa akimpitia na kusema naye, hata siku ya tatu akaamrisha afunguliwe. Thumama akaenda akaoga, akarejea, akasilimu. Zama za Sayyidna Umar (r.a.) ndipo iliponunuliwa nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka ikafanywa gereza.

Basi mfungwa akaondoka machoni pa watu, na aondokaye machoni husahauliwa. Wanavyuoni waliichelea hatari hiyo. Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Harun al-Rashid, alimwandikia khalifa kwamba wafungwa wapewe dirhamu 10 kila mwezi, na nguo za baridi na za joto, wala wasitolewe na minyororo kwenda kuombaomba. Na afaye hana jamaa, akoshwe, akafiniwe na kusaliwa kwa mali ya Baitul-Mali. Na Imamu Nawawi, katika Minhaj, ataja kuwa kadhi ashikapo kazi, la kwanza ni kuwatazama waliofungwa. Akirariye kuwa amefungwa kwa haki huachwa alipo. Asemaye amedhulumiwa, ni juu ya hasimu yake kuleta hoja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo yataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, na apewe dhamana kwa masharti ya kiasi isipokuwa kwa sababu nzito. Lakini jee, asiye na pesa za dhamana? Huyo hubaki mahabusu, hali hajahukumiwa.

Sheria imesema. Sisi jee? Kijana wa mtaa akikamatwa, twakaa barazani tukasema amejitakia. Mamake hubeba aibu peke yake. Akimaliza kifungo na kuja msikitini, twasogea, safu ikabaki na pengo ubavuni mwake. Akiomba kazi, twamwambia arudi kesho. Hatimaye huwarudia waliompokea, nao ni wezi, nasi twasema, "Mwaona? Hakubadilika."

Hatusemi mkosa asiadhibiwe. Aliyeibiwa ana haki yake, na aliyeumizwa ana haki yake. Lakini hukumu ni ile aliyoitoa hakimu, nayo ina mwisho. Ni nani aliyetupa sisi idhini ya kuongeza ya pili isiyo na mwisho?

Mkumbukeni Nabii Yusuf (a.s.). Mwenziwe wa kifungoni alipotoka alisahau kumtaja kwa bwana wake, na Yusuf akabaki ndani miaka. Aliyemsahau hakuwa adui. Alikuwa mtu ambaye Yusuf alimfaa. Nasi twaogopa tusiwe yeye.

Basi kila msikiti na ujue ni nani wa mtaa wake aliye ndani. Siku za ruhusa azuriwe. Watoto wake watazamwe chakula na masomo yao. Na kila mwenye duka au chombo awe tayari kumpokea mmoja atokapo. Mwenyezi Mungu amewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa. Wawili wa kwanza twawajua, huyu wa tatu tumemwacha.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kukumbuka. Amin.