RAMADHANI, SIKU YA 12: CHURA KWENYE PIPA LA UDHU

 

Leo nawapa kisa changu mwenyewe, na si cha kujisifu. Juzi kabla ya Magharibi nilikwenda kutawadha, nikamkuta chura kwenye pipa. Maji yalikuwa yamebaki kidogo, kiu imenishika, futari inasubiri. Nikamwambia kijana mmoja wa madrasa, "Mpige huyo, umtupe." Mtoto akasimama tu. Kisha akasema kwa adabu, "Ustadhi, si wewe uliyetufundisha kwamba Mtume alikataza kuua chura?"

Wallahi nilinyamaza. Hadithi ipo kwa Abu Daud: tabibu alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura kwenye dawa, naye akamkataza kumuua. Nimeisomesha miaka na miaka. Tukamtoa kwa kopo, akaenda zake majanini.

Na tazama fiqhi yake. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, chura akiingia majini hai na akatoka hai, maji ni tohara, tawadha tu. Lakini lau angepigwa akafia mle, na maji hayafiki kula mbili, yote yangenajisika. Kumbe wa kuharibu udhu wa watu nilikuwa mimi, si chura!

Mwaka huu Ramadhani imetukuta kwenye mvua, madimbwi yamejaa. Zile kelele unazozisikia usiku tukiwa kwenye tarawehe ni madume yanaita majike. Mayai yakianguliwa hutoka viluwiluwi (vya chura, si vya mbu), vina mkia na matamvua, vinapumua majini kama samaki. Halafu inaota miguu ya nyuma, ikifuata ya mbele, mkia unayeyukia mwilini, mapafu yanaanza kazi, na kiumbe kinatoka nchi kavu. Umeshaona povu jeupe limening'inia kwenye tawi juu ya dimbwi? Wengine hudhani ni uchafu. Ni kiota cha chura wa mitini. Watoto wake hudondoka majini wenyewe.

Chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi. Kiangazi kikija, wapo wanaojichimbia ardhini wakakaa miezi bila kula mpaka mvua irudi. Nasi tunalalamika saa kumi na tatu. Ukipata nafasi leo soma Suratun Nur aya ya 45, Allah anapotaja kuwa ameumba kila kiendacho kutokana na maji.

Sasa basi, ngozi inayonywa maji hunywa na sumu. Hapa ndipo ninapotaka tuambiane ukweli. Msimu huu wa palizi wapo ndugu zetu wanaoosha bomba la dawa ya magugu dimbwini, palepale watoto wanapochezea na mbuzi wanapokunywa. Sisi wa huku juu tunaijua thamani ya maji. Bibi zetu wa Newala walikuwa wakishuka mpaka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, kwa sababu mchanga wa huku hauyashiki.

Kule Kihansi, milima ya Udzungwa, kulikuwa na chura mdogo anayezaa watoto badala ya kutaga, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye umeme, manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa hayupo tena porini. Aliokolewa na wale waliokuwa wamepelekwa Marekani. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Gharama yote ile kwa chura asiyejaa kiganja!

Mwenye bomba, chota maji kwa ndoo, oshea shambani kwako, mbali na dimbwi. Na pipa letu linahitaji mfuniko. Fundi mwenye bati lililobaki anione baada ya tarawehe.

Wassalaam.