Pomboo Haruki kwa Ajili Yetu

Mjomba wangu hana subira na maswali ya vitabuni. Ukimuuliza kwa nini pomboo anaruka, hukujibu bila kuinua macho kwenye wavu anaoutunga: "Ana raha zake, mwanangu. Kashiba." Mimi nasomesha baiolojia hapa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, na wanafunzi wangu wanajua kuwa jibu la mjomba halipati alama hata moja kwenye mtihani. Hata hivyo, kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kuwa mjomba na mtihani hawana ugomvi. Ugomvi wanao wale wanaolazimisha sababu iwe moja tu.

Tuanze na zinazopimika. Maji ya bahari yanaishinda hewa kwa uzito zaidi ya mara 800. Pomboo akienda mbio karibu na uso wa bahari, maji humrudisha nyuma, na bado hana budi kupanda juu apumue, maana yeye si samaki. Mwaka 1980 watafiti wawili, Au na Weihs, walipiga hesabu wakaonyesha kuwa mwendo ukishapita kiwango fulani, kuruka kunamgharimu nguvu kidogo kuliko kuogelea. Ile miruko ya chini chini tunayoiona kundi likiwa safarini ni ubanaji wa matumizi.

Kisha kuna chazo. Aliyewahi kumshika anajua: juu ya kichwa ana bamba lenye mistari iliyokingama, na akishaganda, ukimvuta kwa nyuma ndiyo kwanza anakaza. Humng'oi mpaka umsukume kwa mbele. Wazee wa pwani hii walimfunga kamba mkiani wakamtuma majini akawaletee kasa. Sasa chazo huyo akiganda ubavuni mwa pomboo, pomboo hana mkono wa kumsukumia. Wale pomboo wembamba wa maji ya kina huanza kujizungusha wakiwa bado chini. Wakitoka hewani, pasipo maji ya kuwazuia, kasi ya mzunguko huongezeka, na mmoja aweza kuzunguka hata mara saba kabla hajajibwaga kwa ubavu. Kishindo hicho ni kikali kiasi cha kumbandua chazo. Tena kishindo chenyewe ni sauti, na sauti husafiri vyema majini, kwa hiyo wenzake walio mbali wanaipata habari.

Lakini iko habari nyingine, na hii ndiyo inayomrudishia mjomba alama zake. Katika miaka ya 1970, Bernd Würsig na mkewe Melany walikaa kwenye ghuba ya San José, Argentina, wakiwatazama pomboo wa huko wakiwinda dagaa. Waligundua kuwa miruko hailingani. Wakati wa kuwinda, pomboo huingia majini kwa kichwa, kimya, apate kuzama upesi. Miruko ya madoido, ya kupinduka na kujigeuza hewani, huzidi baada ya kula, wakati kundi limekusanyika na hakuna tena cha kukimbizwa. Kashiba, kama alivyosema mjomba.

Hapo mwanafunzi makini atauliza: je, raha ni sababu, au ni hisia zetu tunazombandika mnyama? Ni swali la haki. Aristotle, Mgiriki aliyeandika juu ya wanyama zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza kuwa pomboo aliyezama mbali akifuata samaki hurudi juu kwa kasi kwa sababu pumzi imembana, akafika hata kuruka juu ya mlingoti wa chombo. Maelezo hayo hayakuhitaji raha. Ila tusijidanganye kwamba faida ikishapatikana, raha imefutika. Mama anamnyonyesha mtoto ili aishi; nani atasema basi hampendi? Pomboo naye ananyonyesha. Sioni kwa nini mwili uliopewa kazi nyingi usipewe na furaha ya kuzifanya.

Wenzangu wa madrasa wana jibu lao: pomboo anaruka kumsabihi Mola. Kizimkazi Dimbani upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, kwa hiyo hapa watu wamesali karne tisa wakitazamana na bahari hii. Nalikubali jibu lao, kwa sharti moja. Aya ya 44 ya Suratul Israa inatufundisha kuwa kila kitu kinamsabihi Mwenyezi Mungu, kisha inatuambia kwamba sisi hatuufahamu utukuzaji wao. Anayenyoosha kidole kwenye mruko akasema "tasbihi yake ndiyo ile" ameshajipa elimu ambayo aya imemnyima. Huenda tasbihi ya pomboo imo katika usingizi wake wa mchana, au katika kumwelekeza mtoto wake chini ya maji tusikokuona. Hata Zaburi ya 104, wanayoisoma majirani zetu Wakristo, inapomtaja mnyama mkubwa wa baharini aliyeumbwa acheze humo, haisemi kuwa anamchezea binadamu.

Na hapa ndipo swali linapoacha kuwa la darasani. Hadi miaka ya 1990 pomboo alipigwa chusa katika maji haya, nyama yake ikawa chambo cha papa. Mjomba aliyafanya hayo na hayafichi. Leo hapigwi, anauzwa kwa kutazamwa. Mgeni hulipia boti, nahodha hulikimbilia kundi, wageni hujitupa majini na mapezi yao mbele ya pua za wanyama, na mmoja akiruka, boti nzima hupiga makofi: "Anatusalimia!" Watafiti waliofuatilia pomboo wa hapa wameonyesha kuwa boti zikiwakaribia, hupunguza kupumzika, kula na kukaa na wenzao, wakazidisha kusafiri. Anayeamini kila mruko ni furaha anaweza kuwa anampigia makofi mnyama anayekimbia.

Zamani tulisema yupo awe chambo, sasa tunasema yupo atuburudishe. Matumizi yamebadilika, jibu ni lile lile: yupo kwa ajili yetu. Kati ya majibu yote niliyoyataja, hilo ndilo pekee lisilo na ushahidi wala aya.

Kwa hiyo mgeni akiniuliza, namwambia kuwa pomboo ana sababu nyingi za kuruka na hakuna hata moja inayomhusu yeye. Wapo wanaonuna. Nahodha anayezima mashine mbali na kundi, akawazuia abiria wake kujitupa, anaweza kurudi ufukweni bila bakshishi. Lakini amempa kiumbe haki yake, na haki hiyo haingoji mpaka tujue anaruka kwa nini.