Jina Lililokwisha Kutwaliwa Katika Jamaa



Hapa Bungulu hakuna anayelalamika kwamba akina Kambale ni wengi. Kwa Wanande mwana wa kiume wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Majina hayo hayana mwenyewe. Ugomvi huja kwa jina lingine, lile la babu au la mjomba. Tangu 2014 mauaji ya Beni yametuachia marehemu wengi, na nyumba mbili za ndugu hutaka jina la marehemu mmoja. Aliyetangulia kuzaa husema, “Sisi tumekwisha kulitwaa.”

Je, amelinunua? Sisi twaona jina si shamba la kuwekewa mipaka. Likiitwa na wawili halipunguki. Lakini ndugu mdogo asimpe mtoto jina hilo kwa siri. Aende kwanza kwa kaka yake, maana huenda mjane yumo nyumbani humo, na kila jina likiitwa uani moyo wake hushtuka.

Tena jamaa wasimlazimishe mama. Katika Luka 1 majirani walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake, wakasema katika jamaa hakuna Yohana. Elisabeti akakataa. Zakaria, aliyekuwa bubu, akaomba kibao, akaandika jina lilelile alilosema mkewe.