Dawa Nisiyoitaka

Watu huniuliza: eti, ingekuwepo dawa ya usonji, ungekunywa? Wanategemea niseme ndiyo haraka haraka, kama mgonjwa wa malaria.

Mimi nina usonji. Nilizaliwa nao Fizi, nikavuka nao Ziwa Tanganyika, nikakua nao hapa Nyarugusu. Nyumbani waliuita pepo. Niliombewa, nikachanjwa chale, na bado nilipanga vifuniko vya soda mstari mmoja na kuziba masikio mvua ikipiga bati. Neno usonji nililisikia nikiwa na miaka 19, kwa mhudumu mmoja wa watu wenye ulemavu. Siku ile sikupata ugonjwa. Nilipata jina la kitu nilichokuwa nacho tayari.

Mimi ni mkimbizi pia, na nimeyalinganisha majina haya mawili. Ukimbizi uliletwa na vita. Amani ikirudi, au nikipokelewa nchi nyingine, utaisha na mimi nitabaki yule yule. Usonji si hivyo. Ukiutoa, umetoa ninavyosikia, ninavyokumbuka, ninavyopenda. Atakayebaki ni nani? Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliwaandikia wazazi mwaka 1993 kwamba wasituomboleze. Naelewa kwa nini. Huwezi kumlilia mtu aliye hai mbele yako, anakula ugali wako.

Lakini mama mmoja wa kijiji chetu aliniambia: "Wewe unaandika, mwanangu. Wa kwangu hasemi, na anakimbilia barabarani. Mimi nifurahie nini?" Swali lake ni zito, na silipingi. Mtoto wake anahitaji mtu wa kumwangalia, na picha za kuonyesha anachotaka pale maneno hayapo. Mama naye anahitaji kupumzika. Huo ni msaada, na tuudai kwa sauti. Ila kumsaidia mtoto ni jambo moja, kumtaka awe mtoto mwingine ni jambo lingine.

Sasa, mimi kinaniumiza nini hasa? Siku ya mgao: kipaza sauti, foleni, kusukumana. Na chumba cha mahojiano. Afisa aliniambia, "Niangalie machoni, unaficha nini?" Nikiangalia macho ya mtu, maneno yananipotea. Nikiangalia meza, nakwambia yote mpaka tarehe na rangi ya mtumbwi. Aliandika kwamba nasitasita. Pale kilichohitaji dawa hakikuwa macho yangu.

Basi jibu langu ni hapana, sitainywa. Na ninyi mnaotuhudumia, nawaomba vitu vidogo tu. Mwacheni mtu aangalie meza akiwa anaeleza. Muulizeni swali moja, mngoje. Siku ya mgao, wasioweza kelele wapangieni saa yao asubuhi, kabla kipaza sauti hakijawashwa.