Hewa Nyingi, Mafuta Yaleyale

Tafakari ya juma. Somo: 1 Wafalme 18:41 hadi 19:8



Ukitaka kumjua fundi wa kweli wa pikipiki za tu-stroki, mpe plagi iliyotoka kwenye injini sasa hivi, bado ya moto, uone anavyoiangalia. Fundi wetu hapa Matamba huishika kwa kitambaa, huigeuzia jua, huchungulia kile kigae cheupe kilichozunguka ncha. Ikiwa nyeusi ya masizi yenye mafutamafuta, husema inakula sana. Ikiwa ya kahawia, hunyamaza na kuirudisha. Ikiwa nyeupe pe, hukatiza mazungumzo na kuomba bisibisi.

Nimemwona akifanya hivyo mwezi huu kwa sababu mwinjilisti wetu wa mitaa ya juu, kule ukingoni mwa Kitulo, amepata pikipiki mpya. Wengi mnazikumbuka zile Yamaha AG 100 na DT walizopandia mabwana shamba na wauguzi wa chanjo. Hii ni ya ukoo huohuo, nyepesi, imenyanyuka juu kwa ajili ya matope, ila haina pampu ya oili. Oili humiminwa ndani ya petroli, lita moja kwa lita 40, na dumu likatikiswa. Chombo kipya kina mambo yake: spoki zilikazwa upya, mnyororo ukapewa ulegevu wake, na injini ikawashwa, ikaachwa ipate moto, ikazimwa ipoe, ikawashwa tena, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuvuta mafuta hadi mwisho.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye kabureta. Pikipiki ya namna hii hutoka kiwandani ikiwa imepimiwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Sisi tunaishi kwingine. Chimala iko kama mita 1,100, na kutoka pale barabara inapanda kwa zile kona 57 mnazozijua hadi hapa Matamba, kisha inaendelea hadi uwanda wa Kitulo, mita 2,600. Kule juu kanieneo ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya robo ukilinganisha na pwani. Injini inavuta pumzi ya ukubwa uleule, lakini ndani yake hewa ni haba. Kabureta haina habari. Inamimina petroli karibu kama vile iko Dar es Salaam. Matokeo yake ni moshi mzito, injini inamisi ukivuta mafuta, plagi inaloa, na mlima unakuwa mrefu kuliko ulivyo.

Fundi akafungua bakuli la kabureta. Jeti kuu, inayopitisha petroli, ni kipande cha shaba kinachopotea kwenye kiganja, chenye tundu katikati na namba ubavuni. Kwenye jeti za Keihin, namba 165 ina maana ya tundu la milimita 1.65, ukishuka hadi 160 umepunguza sehemu tano za mia za milimita, unene wa unywele, na pikipiki inabadilika tabia. Akaweka ndogo zaidi. Kibanio cha sindano akakipandisha pengo moja ili sindano izame. Skrubu ya hewa akaifungua kidogo. Kisha akamtuma mwinjilisti apande kilima akiwa amevuta mafuta yote, azime ghafla huku ameshika klachi, asimame palepale, plagi itolewe isomwe. Wakarudia hadi ikawa ya kahawia. Mtu asidhani ni hesabu ya siku moja: asubuhi za Juni na Julai, barafu ikiwa bado kwenye nyasi za Kitulo, baridi huikaza hewa tena na injini inataka zaidi kidogo. (Waaustria wa KTM, tangu 2017, wanauza tu-stroki zinazopima hewa na kujirekebisha zenyewe. Nawapongeza. Sijaona bado mchungaji aliyehitimu chuo cha theolojia akiwa na kifaa hicho.)

Jambo moja niliseme kwa haraka. Ukimaliza kurekebisha jeti, nguvu iliyopotea hairudi. Hewa iliyokosekana imekosekana; umeondoa moshi tu. Ndiyo maana fundi akaongeza pia spoketi kubwa nyuma, ili chombo kipande polepole bila kuonewa. Kuna watu humu usharikani wanaojilaumu kwa udhaifu ambao si dhambi, ni kimo tu. Mama anayelea wajukuu sita hawezi kufunga na kuomba kama alivyofanya akiwa binti, naye asiombe msamaha kwa hilo.

Lakini lililonikaa moyoni ni lile fundi alilomwambia mwinjilisti alipokuwa anafunga bakuli. Alisema, “Mwinjilisti, huku juu ikikosea, itakuzimikia tu. Utabadilisha plagi, utaendelea na safari. Ila ukishuka nayo hivihivi mpaka tambarare, itakwenda vizuri sana. Hapo ndipo uogope.”

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwa uvumilivu, kama mzazi anayemweleza mtoto. Ukiwa na jeti ndogo ukashuka, hewa inajaa tena lakini petroli ni ileile ndogo. Kwenye tu-stroki petroli haileti moto peke yake. Inaleta pia oili ya kulainisha pistoni, na inapoingia inaipoza injini. Ikipungua, vyote vitatu vimepungua kwa pamoja. Moshi hakuna. Sauti inakuwa kali na safi. Ukigusa mafuta tu inaruka. Mwendeshaji anafurahi, anaongeza mwendo. Wakati huo pistoni inavimba kwa joto, inaanza kukwaruza silinda, na injini inanoki ikiwa kwenye mwendo wake mzuri kuliko siku zote.

Someni tena habari za Eliya. Amesimama Karmeli siku nzima, moto umeshuka, watu wameanguka kifudifudi. Mvua inakuja baada ya ukame wa miaka. Ahabu anapanda gari lake kuelekea Yezreeli, na nabii, kwa miguu, anajifunga kiuno na kukimbia mbele ya farasi wa mfalme, kutoka mlimani hadi bondeni, kilomita zisizopungua 20. Mkutano wowote wa injili ungemrekodi na kumweka kwenye bango. Sura inayofuata inaanza, unafika ujumbe mmoja kutoka kwa Yezebeli, mke wa Ahabu, na mtu yuleyule anakimbilia Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe.

Wahubiri wengi hushangaa imani hiyo iliishia wapi ndani ya siku chache. Mimi sioni kwamba iliishia. Naona mtu aliyetoka kimo kimoja kwenda kingine, na mwendo wake mkali ukamficha asijione, ukawaficha na waliomtazama. Angalieni pia alichoacha kwanza: mtumishi wake. Anayekauka ndani huanza kwa kuwaona wenzake wanamchelewesha.

Na Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, kukawa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaguswa tena, akala tena, kwa kuwa kwa hesabu ya mbinguni nguvu alizokuwa nazo zisingetosha barabara iliyobaki. Siku 40 za kutembea zikafuata, hadi mlima Horebu. Swali la kwa nini yuko pale aliulizwa Horebu, baada ya chakula chote hicho. Sisi kwenye vikao vyetu huanza na swali, na mara nyingi chakula hakifiki.

Sisi wazee na wachungaji tunajua kutembelea wanaotoa moshi. Mlevi anafahamika, ndoa yenye kelele inafahamika, aliyeacha kuja ibadani tunamtuma mzee wa mtaa akamwone. Sawa kabisa. Ila hawa wako kama plagi nyeusi: wamesimama njiani, wanaonekana, wanaweza kusaidiwa. Ninayemwogopea ni yule aliyepandishwa cheo, mwalimu wa kwaya ambaye sasa anaitwa kila sharika, kijana aliyetoka hapa kwetu akapata kazi Mbeya au Dar. Maisha yake yamejaa hewa. Simu, safari, watu, mialiko. Sala yake ni ileile aliyokuwa akisali jioni na bibi yake kando ya moto, dakika zilezile, na hapa kwetu ilimtosha kweli. Hana kosa. Anang'aa. Nasi tunampigia makofi na kumwongezea kamati.

Mimi mwenyewe nikisikia mtumishi anasema siku hizi anafanya kazi sana na hachoki kabisa, huomba nimwone macho.

Kuna na hili la mteremko wenyewe. Ukishuka zile kona 57, mkono umefunga mafuta na gia inaishikilia pikipiki. Injini inazunguka kwa kasi, lakini petroli inayoingia ni tone, na oili iliyomo ni sehemu ya tone. Wazoefu hushika klachi mara kwa mara na kuvuta mafuta kidogo, ingawa mwendo hawauhitaji. Ukimsikia mtu anafanya hivyo kwenye mteremko usimcheke. Nadhani ndivyo ilivyo na sala ya siku ambayo hakuna mgonjwa, hakuna deni, na mahindi yako ghalani.

Mwinjilisti anabeba jeti kubwa ya tambarare kwenye kopo dogo chini ya kiti, pamoja na bisibisi na plagi moja ya akiba. Akifika Chimala hukaa kibandani kwa fundi wa stendi, hubadilisha, ndipo anaingia lami kwenda Mbeya kwenye vikao.

Vijana wanaoshuka kwenda vyuoni na kazini, ibada ya Jumapili hii ikiisha mbaki. Katibu ataandika barua za utambulisho kwa sharika za huko mnakokwenda, na kila mmoja atapewa namba ya simu ya mzee mmoja wa kanisa atakayempigia kila juma, hasa wakati mambo yake yanakwenda vizuri. Wazazi, naomba msiwaombee tu. Waulizeni wanalala saa ngapi na wanakula na nani.