Nasaba Haina Sifa Wala Lawama

Ni desturi ya wanadamu kujivunia nasaba iliyo njema na kuionea haya iliyo na ila, kana kwamba adili hupita katika damu. Lakini ilimu ya urithi, mtu akiitafakari kwa utulivu, haitoi ushahidi wa fahari ile wala wa aibu hii.

Mtawa Gregor Mendel, katika bustani ya watawa wenzake mjini Brno, alizichavusha njegere za mbegu laini kwa chavua ya njegere za mbegu zilizokunjamana, akavuna kizazi cha kwanza chote laini. Lakini kizazi cha wajukuu kilipozaliwa, alihesabu mbegu 5,474 laini na 1,850 zilizokunjamana, takriban tatu kwa moja. Makala yake ya mwaka 1866 ikabainisha kwamba kila mzazi hutoa fungu moja katika mafungu mawili ya sifa, na kwamba lililofichika halikupotea; wala mzazi hana hiari ya kuchagua fungu atakalolitoa.

Kwetu sisi Afrika Mashariki jambo hili limo katika ugonjwa wa damu uitwao selimundu. Mtoto aliyeirithi jeni ya ugonjwa huo, yaani fungu lake, kwa baba na kwa mama pia huenda, hata kabla ya kutimiza mwaka, akavimba viganja na nyayo, akalia kila aguswapo, kwa kuwa chembe nyekundu za damu yake hupinda mithili ya mundu zikaziba mishipa myembamba. Bali mwenziwe aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi kwa siha, tena hukingwa na malaria kali, kama alivyobainisha mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya. Ndiyo sababu jeni hiyo imekithiri mwambaoni na kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako malaria imewaua watoto tangu kale, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi.

Basi jeni hii ni neema au ni nakama? Si hii wala si ile, mpaka ijulikane imekutana na jeni gani, na katika nchi ipi. Mume amwachaye mkewe kwa kumzalia mtoto mgonjwa anamdhulumu, kwani maradhi hayo hayakuja ila kwa mafungu mawili, na moja lilikuwa lake. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa fungu moja moja, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa, na mimba iliyopita haiipunguzii wala haiiongezei iliyo mbele.

Pasipo hiari, lawama haina mahali pa kukaa. Wajibu, hata hivyo, haupungui, bali huanzia hapo: kupima damu kabla ya kufunga ndoa, kumfikisha mtoto hospitali mapema anaposhikwa na homa, na kumlea pasipo kumwonyesha kwamba kuzaliwa kwake ni kosa la mtu. Kwa matendo kama hayo ndipo mtu hustahili kusifiwa au kulaumiwa, maana hayo ameyachagua mwenyewe.