Saa ya Kuomba

Mtoto anayetaka viatu vipya hamwendei baba yake akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini na jasho usoni. Humngoja anawe, ale, aegemee kiti, aulize habari za masomo. Ndipo husema haja yake. Hakuna amwitaye mtoto huyo mlaghai. Twamwita mwenye adabu, maana ameuheshimu uchovu wa mzazi wake. Mposaji hali kadhalika huchagua siku, wala mchuuzi mwenye haya hamtembezei bidhaa mtu atokaye kuzika.

Kwa hiyo, msomaji, unapoambiwa kwamba simu yako nayo yaweza kungoja uridhike ndipo ikuletee tangazo, huenda ukajibu upesi kwamba hapo hapana jambo jipya chini ya jua. Nami naikubali nusu ya jibu hilo. Nusu ya pili ndiyo nipendayo tuichunguze pamoja.

Tazama kwanza namna kazi yenyewe ifanywavyo. Programu iliyomo ndani ya simu huweza kuweka hesabu ya mambo mengi utendayo: umeifungua mara ngapi, umekaa nayo muda gani, umemaliza somo au umeliacha katikati, umeshinda mchezo au umeshindwa, malipo yako yamepita au yamekwama. Kwa alama hizo mwenye programu hukisia hali ya moyo wako. Akikuona umeridhika, hukuletea arifa: lipia huduma kubwa zaidi, mwalike rafiki, tupe nyota tano. Akikuona umeudhika, hunyamaza, au hukuelekeza kwenye ukurasa wa malalamiko usiosomwa na mtu mwingine ila yeye.

Sasa linganisha. Baba humwona mtoto wake akimtazama. Anajua tangu kijiko cha kwanza kwamba kuna jambo linakuja, na aghalabu hutabasamu kabla ombi halijatamkwa. Wawili hao wanajuana, na kila mmoja anajua kwamba mwenziwe anajua. Katika simu, mmoja hutazama na mwingine hana habari kwamba anatazamwa. Huyo si mtoto mwenye adabu. Ni mwindaji aliyejificha kando ya kisima, ajuaye kuwa paa hana budi kuja kunywa.

Tena mwindaji huyo halazimiki kungoja tu. Mnamo Januari 2012, kwa muda wa juma moja, kampuni ya Facebook ilibadilisha habari walizoonyeshwa watu 689,003: wengine walipunguziwa maneno ya furaha, wengine walipunguziwa maneno ya huzuni, ili ionekane kama maandishi yao wenyewe yangegeuka. Yaligeuka, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014 watu wengi walikasirika, wala hawakukasirishwa na ukubwa wa badiliko. Waliudhika kwa sababu mioyo yao ilishikwashikwa bila ya wao kuombwa ruhusa. Basi zile rangi na vigelegele vinavyorushwa kiooni unapomaliza somo, kisha likafuata ombi la fedha, zafaa kutazamwa kwa jicho hilo. Furaha ile yaweza kuwa yako kweli. Yaweza pia kuwa imepikwa kwa ajili ya saa ile.

Utasema, “Nikifurahi sipotezi akili, naweza kukataa.” Ni kweli, na sipendi kumfanya mtu mzima kuwa kitoto kichanga. Lakini furaha ya saa mbili asubuhi hupoa kabla ya adhuhuri, na malipo uliyoyaridhia hurudi kila mwezi.

Yuko na mtu wa tatu ambaye kwa kawaida husahauliwa. Ni yule atakayesoma hizo nyota kesho, akitafuta programu ya kumfundishia mwanawe hesabu. Yeye hudhani anasikia sauti ya watu wote, kumbe anasikia walioridhika peke yao, kwa kuwa walioudhika hawakuulizwa. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakumjua mgema achaguaye mwenyewe wa kumsifu. Jambo hili si dogo, na hata wenye maduka ya programu wameliona. Google huwaagiza watengenezaji wasimuulize mtu kama anaipenda programu kabla ya kumfungulia dirisha la nyota, na Apple huruhusu dirisha lake la namna hiyo lionekane mara tatu tu katika siku 365.

Mimi hupima jambo hili kwa swali moja: je, mwombaji angeweza kukuambia wazi kwa nini ameichagua saa hii? Fuliza, iliyoanzishwa nchini Kenya Januari 2019, humkopesha aliyejiandikisha pale pale salio lake linapopungukiwa na malipo. Ina gharama yake, na mtu aifikirie vema. Lakini sababu ya saa ile haikufichwa, pande zote mbili zaijua. Jaribu kuandika kwa uwazi uo huo: “Tumekungoja ushinde ndipo tukuombe, kwa maana jana ulikuwa na majonzi na ungekataa.” Ni nani angeituma arifa hiyo?

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hudai idhini yako kabla habari zako hazijatumiwa kwa biashara. Ni ngao njema. Hata hivyo, idhini hutolewa mara moja, kwa kidole chenye haraka, na moyo hutazamwa mwaka mzima.

Wengine wenu mtaajiriwa kuandika programu hizi, nanyi mtakutana na ugumu huu: kumwepushia tangazo mtu aliyefiwa ni wema, lakini ili kumwepushia yapasa kujua kwamba amefiwa. Elimu ile ile huhurumia na huwinda. Mwaka 2019 Bloom & Wild, wauza maua wa Uingereza, walikuwa karibu kutangaza maua ya Siku ya Mama. Hawakuchungulia moyo wa mtu. Waliwaandikia wateja wao kuwauliza ni nani asiyependa kuletewa matangazo ya siku ile, na maelfu wakajibu. Wala hakuna aliyetakiwa kueleza sababu.